Makabrasha ya Marguerite Durand

Tarehe 21 Novemba 1922, Seneti ya Ufaransa ilikataa hata kuanza kujadili vifungu vya muswada wa kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Maseneta 156 walipinga, 134 waliunga mkono. Baraza la Wabunge lilikuwa limeshaupitisha muswada huo Mei 1919, miezi michache baada ya vita kuu kumalizika, wakati wanawake waliotengeneza makombora viwandani walikuwa wakirudishwa majumbani. Seneti iliukalia miaka mitatu na nusu, kisha ikauzika.

Walioupinga hawakuwa wahafidhina peke yao. Wengi walikuwa wapenda jamhuri wa mrengo wa kushoto, watu waliojiona wana maendeleo, ila waliogopa kwamba mwanamke akipewa kura ataipiga pale padri atakapomwelekeza. Kwa hofu hiyo ya Kanisa walimnyima kura mwalimu wa shule ya serikali, daktari, na hata mwanamke aliyekuwa hajaingia kanisani tangu abatizwe. Hotuba zao ziko salama. Zilipigwa chapa kwenye gazeti rasmi la serikali, zikajaladiwa, zikawekwa kwenye maktaba ambako yeyote anaweza kuzisoma leo. Lakini upande wa pili nao ulikuwa na karatasi zake: barua walizoandikiana usiku, vipeperushi vya mikutano, hati za kukodi kumbi, picha, kadi za mialiko. Hizo hazikuwa na mpigachapa mkuu wa serikali. Zilikaa kwenye masanduku ya watu binafsi, na mwenye sanduku akifa, warithi hufagia.

Mwaka huohuo wa 1922, mwanamke wa miaka 58 aliyeitwa Marguerite Durand aliandaa jijini Paris maonyesho ya wanawake mashuhuri wa karne ya 19. Vya kuonyesha alikuwa navyo, kwa sababu alianza kukusanya karatasi za aina hiyo robo karne nyuma. Miaka tisa baadaye aliukabidhi mkusanyo wake wote kwa jiji la Paris, na Ufaransa ikapata maktaba yake ya kwanza ya umma kwa ajili ya historia na harakati za wanawake. Mkutubi wake wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, na hakulipwa mshahara.

Durand hakusomea ukutubi. Alizaliwa Paris Januari 1864, nje ya ndoa, akasomeshwa na watawa. Msichana huyo aliingia chuo cha sanaa za jukwaani, na mwaka 1881 akapokelewa Comédie-Française, jumba la michezo ya kuigiza lenye heshima kuliko yote nchini humo. Mwaka 1888 aliliacha jukwaa akaolewa na Georges Laguerre, wakili na mbunge, na kupitia kwa mume akaingia kwenye siasa za Jenerali Boulanger, mwanajeshi ambaye umaarufu wake ulikaribia kuiangusha jamhuri. Vuguvugu la Boulanger lilizimika, na ndoa nayo ikavunjika. Durand alitoka humo akiwa amejifunza jinsi gazeti linavyoendeshwa, na akiwa anajuana na mawaziri, wenye mabenki na wahariri ambao hawakuweza kuukataa mwaliko wake wa chakula cha jioni.

Akawa anaandikia Le Figaro. Mwaka 1896 wakubwa wa gazeti hilo walimtuma kwenye kongamano la kimataifa la wanawake lililofanyika Paris, arudi na makala ya kuwafanyia dhihaka. Alikwenda, akakaa, akasikiliza. Alimwona mwenyekiti, Maria Pognon, akiongoza kwa utulivu ukumbi uliojaa zogo la watu waliokuja kuvuruga. Alisikia hoja kuhusu mishahara, ulezi wa watoto na mali ya mke aliyeolewa, hoja ambazo hakuna gazeti la Paris lililokuwa likiziripoti kwa uzito. Alikataa kuiandika makala ile. Kuanzia hapo alitaka gazeti lake mwenyewe.

Tarehe 9 Desemba 1897 likatoka La Fronde. Lilikuwa gazeti la kila siku, lenye siasa, biashara, michezo, habari za nje na hadithi, na lilihaririwa, likaandikwa na kupangwa herufi na wanawake. Ofisi zilikuwa mtaa wa Saint-Georges, na ndani ya jengo kulikuwa na maktaba ya waandishi. Walioandika humo walikuwa vigogo: Séverine, mwandishi wa habari aliyejulikana Ufaransa nzima, Pauline Kergomard, mkaguzi wa shule za watoto wadogo, Clémence Royer, mwanamke aliyemtafsiri Darwin kwa Kifaransa mwaka 1862 na ambaye uzeeni alikuwa karibu kusahaulika kabla gazeti hili halijamrudisha mbele ya wasomaji. Kesi ya pili ya Kapteni Dreyfus, ofisa Myahudi aliyeshtakiwa kwa usaliti, ilipofanyika Rennes mwaka 1899, Séverine alikuwepo mahakamani kwa niaba ya La Fronde, na gazeti lilisimama na mtuhumiwa wakati magazeti mengi makubwa yalikuwa yakichochea chuki dhidi ya Wayahudi.

Maktaba ya baadaye ilianzia ndani ya gazeti hili. Gazeti la kila siku haliwezi kuishi bila kumbukumbu. Waziri akisema jambo leo, mhariri anataka kujua alisema nini mwaka juzi. Mwanamke akipata shahada ya udaktari Lyon, mwandishi anataka kujua ni wa ngapi. Kwa hiyo kila ofisi ya gazeti hukata vipande vya magazeti na kuviweka kwenye makabrasha, kabrasha moja kwa kila jina na kila jambo. Durand alifanya hivyo kwa wanawake: wanasayansi, waigizaji, wauguzi, wapanda puto, washonaji waliogoma, malkia, wauaji. Hakuchagua waliokuwa wema pekee. Aliweka hata kadi za posta za kejeli, zile zilizomchora mpigania kura kama jini lenye meno marefu huku mume akibembeleza mtoto anayelia. Adui naye alistahili kabrasha, kwa sababu bila hilo wajukuu wasingeamini kwamba mambo hayo yalichapishwa na kuuzwa madukani.

Karatasi hizo zilikuwa silaha, na mfano ninaoupenda ni wa mawakili. Jeanne Chauvin alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria tangu 1892. Alipokwenda kuapishwa mwaka 1897 ili awe wakili, mahakama ya Paris ilimkatalia kwa sababu ni mwanamke. La Fronde likalivalia njuga jambo hilo siku baada ya siku, likitoa mifano ya nchi nyingine na kuwataja wabunge kwa majina. Mwanasiasa René Viviani, aliyekuwa karibu sana na Durand, aliusukuma muswada bungeni. Tarehe 1 Desemba 1900 sheria ilipita, na kabla mwezi haujaisha Chauvin alikuwa ameapa. Nikiisoma historia hii naona kazi ya mkutubi ndani yake: mtu anayejua karatasi iko wapi siku inapohitajika.

Bado kuna doa, na mwandishi wa makala ya historia hana ruhusa ya kulifunika. Chama cha wafanyakazi wa uchapaji cha wanaume kilikuwa hakitaki wanawake. Kilisema wanashusha ujira. Durand aliwalipa wapanga herufi wake sawa na wanaume, na mwaka 1899 wakaunda chama chao wenyewe. Sheria ya 1892 iliyokataza wanawake kufanya kazi viwandani usiku iligeuka kikwazo pia, maana gazeti la asubuhi hupangwa usiku, na sheria iliyosemwa ni ya kuwalinda ikawa inawafukuza kwenye kazi yenye malipo mazuri. Hadi hapo niko upande wa Durand bila kusita. Lakini mwaka 1901 wapiga chapa wa kiume waligoma huko Nancy, na wanawake wa chama alichokilea yeye wakaenda kujaza nafasi zao. Vyama vya wafanyakazi havikusahau. Ukitaka kuelewa kwa nini harakati za wanawake na harakati za wafanyakazi nchini Ufaransa zilitazamana kwa shaka kwa muda mrefu, kisa cha Nancy ni sehemu ya jibu, na makaratasi yake yamo kwenye mkusanyo wa Durand mwenyewe. Hakuyachoma.

La Fronde lilikosa fedha. Kuanzia 1903 lilitoka mara moja kwa mwezi, na mwaka 1905 likafa. Lilifufuliwa kwa muda mfupi baadaye, lakini halikurudia nguvu yake ya mwanzo.

Durand mwenyewe alibaki kivutio cha jiji. Alikuwa mrembo, alivaa vizuri, na hakuona aibu kuutumia urembo huo mbele ya wanaume waliodhani mpigania haki lazima awe mkavu na mwenye hasira. Yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba harakati zinadaiwa na nywele zake za rangi ya dhahabu. Mwaka 1899 alishiriki kuanzisha makaburi ya wanyama huko Asnières, nje kidogo ya Paris, ambayo yapo hadi leo. Nyumbani alifuga jike la simba aliyeitwa Tigre, na kuna picha zao pamoja. Mwaka 1910 alijitangaza mgombea ubunge katika wilaya ya 9 ya Paris, akijua fika kwamba serikali haitaupokea ugombea wake. Haikuupokea. Lakini magazeti yaliandika, mikutano ilijaa, na kila kilichoandikwa kikaingia kabrashani.

Katika uchaguzi huohuo aligombea pia Hubertine Auclert, ambaye historia yake inaingiliana na ya karatasi hizi kwa njia nyingine. Auclert alikuwa mgumu kuliko Durand. Mwaka 1880 aligoma kulipa kodi akisema asiyepiga kura hadaiwi. Alianzisha gazeti la La Citoyenne mwaka 1881. Aliishi Algeria miaka minne na akaandika kitabu kuhusu wanawake Waarabu chini ya ukoloni. Mwaka 1908, akiwa na miaka 60, aliingia kituo cha kura Paris akaliangusha sanduku la kura chini. Alifariki 1914, miaka thelathini kabla ya haki aliyoipigania. Shajara na barua zake zingeweza kupotea. Hazikupotea, na nitaeleza baada ya kumaliza habari ya Durand.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Durand alikuwa anazeeka, na rafiki zake wa La Fronde walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine. Séverine aliondoka 1929. Durand alinunua nyumba ya marehemu huko Pierrefonds, kaskazini mwa Paris, ili iwe mahali pa kupumzikia wanawake waandishi. Lakini nyumba ni kitu kimoja na makabrasha ni kingine. Nyumba warithi huigombania. Makabrasha huyaona mzigo. Alikuwa na vitabu, barua, picha, mabango, mkusanyo kamili wa La Fronde na maelfu ya vipande vya magazeti, na alijua kwamba vikigawanyika havitakuwa na maana tena. Barua moja ya Clémence Royer ikiwa mikononi mwa mpenda vitu vya kale ni pambo. Ikiwa karibu na barua alizojibiwa, na makala iliyotokana nazo, na tangazo la kifo chake mwaka 1902, inakuwa ushahidi.

Hapo akafanya jambo ambalo kwangu ndilo tendo lake kubwa kuliko yote, kubwa kuliko hata gazeti. Hakuwaachia marafiki. Hakuanzisha chama kingine cha hiari ambacho kingekufa pamoja na wanachama wake. Alikwenda kwa dola ileile iliyomnyima kura, upande wake wa jiji, akaifanya iwe mmiliki na mlinzi. Mwaka 1931 jiji la Paris lilipokea mkusanyo huo, na mwaka uliofuata maktaba ikafunguliwa kwa umma ndani ya jengo la meya wa wilaya ya 5, kwenye uwanja wa Panthéon, ikiwa na jina lake. Jiji likatoa chumba, moto wa kuota wakati wa baridi na nafasi kwenye bajeti. Durand alitoa kilichobaki, pamoja na kazi yake mwenyewe.

Mahali penyewe pana uzito. Panthéon ni jengo ambamo Ufaransa huwazika watu wake wakubwa, na maandishi yaliyochongwa mbele yake yanawashukuru wanaume wakubwa. Mwaka 1932 mwanamke mmoja tu ndiye aliyelala humo, Sophie Berthelot, aliyezikwa 1907 ili asitengwe na mumewe mwanakemia. Mwanamke wa kwanza kuingia kwa sifa zake mwenyewe, Marie Curie, alisubiri hadi 1995. Msomaji aliyekaa kwenye meza ya Durand akitafuta habari za wanawake waliofanya kazi, walioandika na waliofungwa gerezani, alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mlango huo.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kupanga, kununua na kuomba. Aliwaandikia wazee wa harakati akiwasihi wasitupe. Mkusanyo wa aina hii hauishi kwa kununua vitabu vipya pekee. Unahitaji mtu anayejulikana, ambaye mjane au mpwa akifungua droo ya marehemu atakumbuka jina lake kabla hajawasha moto. Durand alifariki tarehe 16 Machi 1936, akiwa na miaka 72. Hakuwahi kupiga kura. Nafasi yake ilichukuliwa na Harlor, mwandishi aliyeanzia La Fronde, na kazi ikaendelea bila kukatika.

Mwaka huohuo wa 1936 alifariki Paris mwanamke mwingine aliyefanya kazi hiyohiyo akiwa hana simba, hana mawaziri, wala nywele za kuandikwa magazetini. Marie-Louise Bouglé alizaliwa 1883, akawa yatima, akauza dukani, kisha akajifunza hatimkato na kupiga taipu ili apate riziki. Kwa mshahara wa karani alikuwa akipita kwa wauza vitabu vilivyotumika kando ya mto Seine, akinunua vijitabu na magazeti ya wanawake ambayo hakuna aliyeyataka. Mwaka 1923 aliifungua nyumba yake kuwa maktaba, na wafanyakazi wa kike wakawa wanakuja kusoma jioni, baada ya saa za kazi. Ni yeye aliyeziokoa karatasi za Hubertine Auclert.

Ninawaza kuhusu Bouglé zaidi ninavyomwaza Durand. Alikuwa na jicho lilelile na upendo uleule, na pengine bidii kubwa zaidi, kwa sababu kila kijitabu kilikula sehemu ya chakula chake. Alichokosa ni mlango wa ofisi ya meya. Alipofariki, mumewe alihangaika kutafuta taasisi ya kuupokea mkusanyo, na vita vikaja vikamkuta katika hangaiko hilo. Mwaka 1946 masanduku yaliishia kwenye maktaba ya historia ya jiji la Paris, yakawekwa, na yakakaa. Miaka 31. Mwaka 1977 mtafiti Maïté Albistur ndiye aliyeyafungua na kuanza kuyaorodhesha. Katika miaka hiyo yote mtu angeweza kuandika kitabu kizima cha historia ya Jamhuri ya Tatu, utawala wa Ufaransa wa zama hizo, akasema kwa nia njema kwamba hakuna nyaraka za kutosha kuhusu wanawake waliodai kura, na nyaraka ziko chumba cha pili. Karatasi isiyo kwenye orodha haina tofauti kubwa na karatasi iliyochomwa, ila moja: iliyochomwa hairudi.

Durand na Bouglé hawakuwa peke yao. Miaka ya 1920 na 1930 wanawake wa nchi kadhaa walishtukia jambo hilohilo, kana kwamba walikuwa wamekubaliana. London ilikuwa na maktaba ya wanawake iliyoongozwa na Vera Douie kuanzia 1926 hadi 1967. Mwaka 1935 Mary Beard alianza New York kituo cha nyaraka za wanawake wa dunia, kikafungwa 1940 kwa kukosa fedha na maelewano. Desemba 1935 Rosa Manus na wenzake walianzisha hifadhi ya kimataifa ya harakati za wanawake huko Amsterdam. Kizazi kilichoanza harakati kilikuwa kinamalizika, na Ulaya ilikuwa inaelekea vitani. Waliona saa inakwenda.

Waliona sawasawa. Wajerumani walipoiteka Uholanzi, waliisomba hifadhi ya Amsterdam yote Julai 1940. Rosa Manus, aliyekuwa Myahudi na mpigania amani, alikamatwa na kufa mikononi mwao mwaka 1942. Sehemu ya karatasi za hifadhi hiyo ilionekana Moscow mwaka 1992, kwenye hifadhi ya siri ya Wasovieti waliokuwa wamezichukua kutoka kwa Wajerumani, na ilirudi Amsterdam mwaka 2003. Huko Ufaransa yaleyale yalizipata karatasi za Cécile Brunschvicg, aliyeongoza chama kikubwa cha kudai kura na ambaye mwaka 1936 aliingia kwenye serikali ya waziri mkuu Léon Blum pamoja na wanawake wengine wawili, wote watatu wakiwa hawaruhusiwi kupiga kura. Zilichukuliwa 1940, zikapita Berlin, zikafika Moscow. Brunschvicg alifariki 1946 bila kuziona tena. Zaidi ya nusu karne baadaye zilirejea Ufaransa, na sasa ziko kwenye kituo cha nyaraka za harakati za wanawake kilichoanzishwa na chuo kikuu cha Angers mwaka 2000.

Makabrasha ya uwanja wa Panthéon yalinusurika vita. 

Haki yenyewe ilikuja kwa mlango wa nyuma. Tarehe 21 Aprili 1944, kamati ya ukombozi wa taifa ya Jenerali de Gaulle, ikiwa bado Algiers, ilitoa amri iliyotamka kwamba wanawake ni wapigakura na wanaweza kuchaguliwa kwa masharti sawa na wanaume. Seneti iliyowagomea tangu 1922 ilikuwa haipo. Tarehe 29 Aprili 1945 wanawake wa Ufaransa walipanga foleni kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani. Wanawake Waislamu wa Algeria, nchi ambako amri hiyo ilitiwa saini na ambayo Auclert aliiandikia kitabu, hawakupiga kura hadi 1958.

Baada ya ushindi maktaba ilisahauliwa kidogo, kwa sababu watu wengi waliamini hakuna la kutafuta tena. Miaka ya 1970 ilipoleta wimbi jipya la wanawake waliotaka kujua walitoka wapi, walizikuta karatasi zikiwasubiri kwa mpangilio. Mwaka 1989 Laurence Klejman na Florence Rochefort walichapisha historia yao ya harakati za wanawake chini ya Jamhuri ya Tatu, kazi ambayo ni vigumu kuifikiria bila makabrasha haya. Baadaye Mary Louise Roberts wa Marekani aliandika kuhusu La Fronde na kuonyesha jinsi Durand alivyoitumia sanaa ya jukwaani kama mbinu ya siasa. Vitabu vya namna hiyo vimewafanya Wafaransa wajue kwamba mama zao hawakuzawadiwa kura na jenerali mwenye huruma. Waliidai kwa zaidi ya miaka sitini, na madai yana tarehe, anwani na sahihi.

Mwaka huohuo wa 1989 maktaba ilihamia mtaa wa Nationale, wilaya ya 13, kusini mwa jiji. Ikapata nafasi zaidi, ingawa iliuacha uwanja wa Panthéon. Mwaka 2017 jiji likapanga kuihamisha tena, liichomeke ndani ya maktaba ya historia ya Paris, ileile ambako masanduku ya Bouglé yalilala. Viongozi walisema huduma itaboreka. Watafiti na wasomaji walihesabu nafasi za kukaa, wakauliza wafanyakazi wangapi watabaki, wakauliza kama mkusanyo ungeendelea kuwa na bajeti na jina lake mwenyewe au ungemezwa. Waliandamana, waliandika, walikusanya sahihi. Nadhani walikuwa na haki ya kutoamini, kwa sababu walijua vizuri kinachotokea mkusanyo wa wanawake unapokuwa mgeni katika nyumba ya mwingine. Mpango uliachwa.

La Fronde lote limewekwa mtandaoni na maktaba ya taifa ya Ufaransa, na mtu aliye popote anaweza kulisoma bure, toleo kwa toleo, kuanzia lile la Desemba 1897. Vipande vya magazeti, barua na kadi za kejeli ni vingi mno na vina mambo ya hakimiliki. Anayevihitaji huvifuata mtaa wa Nationale, huandika jina analolitafuta kwenye karatasi ya maombi, na wakutubi wa leo bado wanaongeza vipande vipya kwenye makabrasha yaleyale.